Ukuta wa Hamamu ya Bi Fusae

Msanifu majengo Munehiro Kuzuhara alikwisha kujenga makumbusho matatu na maktaba moja, na bado kulikuwa na mtu mmoja aliyemtia tumbo joto: mama yake. Bi Kinue, mwenye miaka themanini na miwili, hakuwahi kulisifia hata jengo lake moja. Alipopelekwa kuiona ile maktaba iliyopewa tuzo, aliuliza vioo vyote vile atavifuta nani, kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Basi Bi Fusae alipomwita aje aijenge upya hamamu yake, bafu la umma la mtaa, kulekule Osaka alikozaliwa, Munehiro aliona nafasi yake ndiyo hii. Mama alikuwa akioga pale tangu alipoolewa. Safari hii atasifu, alijiambia, atake asitake.

Kazi aliifanya, tumpe haki yake. Dari aliliinua, mwanga ukaingia hadi pembeni. Hodhi la maji moto alilipanua. Na ule ukuta wa katikati, unaotenga wanaume na wanawake, ambao zamani uliishia njiani na kuacha uwazi juu, akaupandisha mpaka darini kwa vioo vizito visivyoonyesha, ili mvuke usipotee na kelele zisipite. Vioo hivyo alivichora na kuvifuta mwaka mzima. Wapiga picha wa jarida kubwa la Tokyo walikuwa waje Jumamosi kuvipiga picha.

Ijumaa mchana wazee wa mtaa wakaalikwa kuijaribu. Munehiro akajisugua, akaingia majini pamoja nao, akangoja sifa. Wapi! Walikaa kama watu waliokosa treni. Mzee Kumazo, fundi wa mikeka aliyestaafu, alikuwa amekwisha kuwa mwekundu kuanzia kichwani hadi kifuani, na hatoki. Munehiro akamuuliza kama maji hayajamchosha.

"Yamenichosha sana," alisema Mzee Kumazo. "Lakini namsubiri mke wangu. Miaka arobaini na sita, akimaliza kuoga ananiita kupitia juu ya ukuta, tunatoka pamoja. Leo kanyamaza. Sijui nimemkosea nini."

Hakuwa amemkosea kitu. Bi Setsuyo, mkewe, alikuwa nje mlangoni na nywele mbichi, upepo wa Februari ukimchapa, ameita mpaka sauti imemkauka. Alikuwa na wenzake watano, kila mmoja akimngoja mumewe. Maneno yaliyomshukia msanifu siku ile siwezi kuyarudia yote. Mmoja alisema kama ni kuoga kila mtu kivyake, bafu analo kwake. Hilo ndilo lililomchoma Bi Fusae. Alimvuta Munehiro pembeni, akamwambia taratibu kwamba watu hawa wasiporudi, tanuri la kuchemshia maji atalizima kabla mwezi haujaisha.

Munehiro akavitazama vioo vyake. Jamani, mtu aliyelelewa humohumo! Alipokuwa na miaka sita, mama alikuwa akimrushia baba sabuni juu ya ukuta uleule, na mdakaji alikuwa yeye. Miaka thelathini ya kuoga peke yake katika ghorofa la Tokyo ilikuwa imemsahaulisha. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Jioni haijaingia alikuwa juu ya ngazi pamoja na mafundi, akiteremsha vioo kimoja kimoja, vyote kumi na vinne. Jarida alilipigia simu kwamba waje wakipenda, ila walichotaka kupiga picha hakipo tena. Hawakuja.

Jumamosi hamamu ikafunguliwa. Bi Kinue alifika na beseni lake dogo, akampita mwanawe, akaingia upande wa wanawake. Munehiro akaenda kukaa majini na wazee.

"Mzee, natoka," sauti ya Bi Setsuyo ikapita juu ya ukuta.

"Haya, nami natoka," akajibu Mzee Kumazo, na akainuka upesi kuliko umri wake. Kicheko kikasikika pande zote mbili. Kisha ikaja sauti ambayo Munehiro angeitambua popote.

"Mune. Upo?"

"Nipo, mama."

"Nyuma ya masikio umesugua?"

Wazee walicheka mpaka maji yakamwagika. Munehiro, na miaka yake hamsini na minne na tuzo zake zote, akajishika nyuma ya sikio, akakiri kwamba bado. Mara kipande cha sabuni kikaruka juu ya ukuta. Akakidaka kwa mkono mmoja.

"Pazuri hapa," mama alisema. "Ukimaliza niite, tutoke pamoja."

Munehiro akatoka majini, akaketi kwenye kigoda, akasugua masikio yote mawili, polepole. Alilia mbele ya wazee wale wala hakujificha, maana kila mtu mle ndani alikuwa amelowa uso.