Kuziru Lilikotoka

Mafundi cherehani wawili, dada na mdogo wake, walijitungia lugha utotoni, na hadi leo huitumia kuwateta wateja. Kitenzi kimoja tu ndicho kilichowagombanisha: kuziru, yaani kuanza upya bila kununa.

"Ni mlio wa cherehani, na nilikibuni mimi," dada alizoea kusema. "Wewe hata vifungo ulikuwa hujui kufunga."

"Ni changu, dada!" Nani angemsadiki?

Juzi mama yao alipangua sanduku la vitambaa, akakuta daftari lao la zamani, akawaletea dukani. Mdogo mtu alilipekua, kisha akasoma kwa sauti:

"Kuziru. Uzi ulikatika, mdogo wangu akaulilia, 'Uzi, rudi!' Ulimi mzito, ikatoka 'ziru.' Akafuta machozi, akatunga tena uzi kwenye sindano." Akaligeuza daftari. "Mwandiko wa nani huu?"

Dada alitazama, akashika kichwa. "Wangu. Umenipata, mwana wa mama!"

Mdogo mtu alipiga kigelegele hadi mteja mlangoni akaruka. Miaka thelathini alibishiwa. Sasa alicheza katikati ya duka, futikamba ikiyumba shingoni, na mama akimpigia makofi.