Mwaka wa Kuomba Sheria

Hospitalini walimwita Shika Pumzi, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoshinda akiyasema. Mgonjwa aliingia, akavua mkufu na saa, akaegemea ubao wa baridi, na mama huyo akajificha nyuma ya kioo kizito na kusema, "Vuta pumzi. Shika. Usitikisike." Mashine ikishalia, akasema, "Haya, pumua." Alianza kupiga picha za eksirei akiwa msichana, na sasa mvi zilikuwa zimemwota juu ya masikio.

Hamu ya sheria ilimwingia ukubwani. Siku moja aliitwa mahakamani kutoa ushahidi, maana mtoto alikuwa amevunjwa mkono na picha ya mkono ule aliipiga yeye. Yeye aliulizwa machache tu, lakini alibaki kusikiliza. Mwendesha mashtaka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alimhoji baba wa kambo wa mtoto bila haraka, swali baada ya swali, kama mtu anayefungua vifungo vya shati. Alipofika kifungo cha mwisho, yule bwana hakuwa na pa kujificha. Shika Pumzi alirudi nyumbani macho yakimwaka.

"Nilikosea njia," alimwambia mumewe. "Kazi yangu ilikuwa ile."

Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache. Alicheka, kisha akaona mkewe hacheki.

"Basi kasome," akasema.

Lakini kabla Shika Pumzi hajaulizia hata habari za chuo, mama yake alipooza upande mmoja, akahamia kwao. Ikawa kila anayeulizia chuo anajibiwa, "Mama akipata nafuu." Mama mwenyewe aliulizia pia, kwa mdomo ule uliokwenda upande.

"Umeomba?"

"Bado, Mama."

"Unanisubiri mimi?"

"Sikusubiri."

"Unanisubiri," mama akasema, akageuza uso ukutani.

Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani asitoke vidonda, miaka ikapita hivyo. Kisha mama akafariki, asubuhi, chai ikiwa bado ya moto kwenye meza ndogo. Binti yake hakulia. Aliwapigia watu simu, akapanga mazishi, akawapokea waliokuja kutoa pole na kuwashukuru mmoja mmoja. Watu wakamsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza hata kidogo. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila ganzi yenyewe ilikuwa ya mwili mzima na haikuwa na dalili ya kwisha.

Siku moja akiosha vyombo akawaza: sasa sina wa kumsubiri. Wazo lilimjia bila uchungu wowote, sawa na kukumbuka kwamba sabuni imekwisha. Akafuta mikono, akaangalia tarehe za chuo. Mwisho wa kuomba ulikuwa karibu sana.

Kaka yake mkubwa alipopata habari alikuja mwenyewe, akaketi sebuleni bila kuvua koti.

"Mdogo wangu, subiri mwakani. Moyo wako haujarudi."

"Umekwenda wapi?"

"Nitajuaje? Najua haupo. Nikikuongelesha ni kama naongea na kabati."

"Kabati linaweza kusoma sheria, kaka. Umewaona mawakili wengine?"

Kaka hakucheka. "Chuo hakina miguu, hakitakimbia."

"Mimi ninayo, na inaanza kuuma."

Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya kusema usitikisike, na kaka akainuka, akaaga.

Jioni alimkuta mumewe jikoni akikata vitunguu.

"Wewe unaonaje?"

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Basi usiombe."

"Na kuacha kuomba pia sitaki."

Mumewe alishusha kisu. Kisha akakiinua tena, akaendelea na vitunguu vyake. Siku iliyofuata mkewe akaomba, kwa moyo uleule ambao mtu huchukua mwavuli nao kwa kuwa tu ameuona mlangoni.

Watu wazima waliopitia kazini kwanza walitakiwa kufanya mtihani wa kuandika. Alipofika, mlinzi wa getini alimwamkia kwa adabu na kumwelekeza ghorofani, kwenye ofisi za walimu. Ilibidi amweleze kwamba yeye ni mtahiniwa. Mlinzi aliona haya zaidi yake. Ndani ya ukumbi alikaa kati ya askari aliyevaa kiraia na msusi mwenye kucha nyekundu. Swali lilikuwa moja: Eleza kwa nini umeamua kusoma sheria sasa.

Lile neno la mwisho ndilo lililomkwamisha. Kwa nini sheria, alilijua. Kwa nini sasa? Akaandika kwamba sasa ana nafasi. Akaongeza mistari michache juu ya haki, mizuri, safi, ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote juu ya jambo lolote. Kisha akakaa akitazama feni inavyozunguka. Msusi aliomba karatasi nyingine, na baadaye nyingine tena. Shika Pumzi alikusanya yake mapema, akaondoka, akapitia sokoni kununua viazi.

"Vipi?" mumewe aliuliza.

"Nimefanya."

Jibu lilimfikia kazini kwa simu, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Tunasikitika kukujulisha. Alilisoma lote, akatia simu mfukoni, akafungua mlango na kumwita anayefuata, mzee mrefu aliyekuja kupigwa picha ya kifua. Akamsimamisha vizuri, akamshusha mabega, akaenda nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi. Shika. Usitikisike."

Mashine ikalia. Yeye akabaki pale, kidole kikiwa bado kwenye kitufe, akitazama mbele bila kuona chochote. Mzee akasubiri. Mashavu yakamvimba, shingo ikatoa mishipa.

"Sista!" akapasuka mwishowe. "Nipumue au nife?"

"Pumua, baba! Pumua, nisamehe, pumua!"

Na hapo hapo machozi yakamtoka. Hakuyaita wala hakuweza kuyazuia. Alilia kwa sauti, mkono juu ya mdomo, mabega yakiruka. Mzee akaja hadi kwenye kioo, kifua wazi, uso umebadilika rangi.

"Umeona nini humo? Niambie tu, mwanangu. Mimi ni mtu mzima, nimeshajiandaa."

"Sijaona kitu, baba. Daktari ndiye atakayeisoma."

"Mbona unalia?"

"Nimenyimwa chuo."

Mzee akafikiri. "Chuo cha mwanao?"

"Changu mimi."

"Ala!" Mzee akashusha pumzi ndefu, akatafuta shati lake. "Basi lia tu, mwanangu, lia mpaka uchoke. Mimi nilidhani ni mapafu."

Msimamizi wake alimruhusu aende nyumbani. Alilia njiani, akalia mlangoni, akalia mezani huku mumewe amemshika mkono.

"Ni Mama?" mumewe akauliza.

"Ni chuo!" akafoka. Baada ya kitambo akasema, "Ni Mama."

Kesho yake hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimpeleka moja kwa moja hadi ofisi ya udahili. Alimkuta mwalimu mdogo kuliko yeye, mwenye mafua. Mwalimu alitafuta karatasi yake, akaipata, akaisoma tena mbele yake.

"Hujakosea mahali," akasema. "Lakini nikisoma simwoni mtu aliyeandika."

"Nilikuwa nimefiwa na mama yangu."

"Pole sana." Mwalimu alipangusa pua. "Ungesubiri, basi."

"Ndivyo alivyosema kaka yangu."

"Mwakani mtihani upo tena."

Alitoka pale akiwachukia wote wawili. Kaka alipopiga simu jioni, na kwa bahati mbaya akaanza na "Si nilikuambia," alimwagiwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia kutoka kwa mdogo wake tangu walipokuwa wakigombea kitanda cha dirishani. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?" kaka akauliza, bila hasira.

"Sijamaliza."

"Endelea. Nakusikia."

Mwaka ule ulikuwa mgumu kuliko ule wa mazishi. Alifungua chumba cha mama, akagawa nguo, akabaki na shali moja ambayo hakuivaa wala hakuiweka mbali. Siku nyingine alilia njia nzima kwenda kazini, siku nyingine ganzi ilirudi na kumkalia wiki nzima, akafanya kazi kama mashine inayoendesha mashine. Hakujua kama amepona, wala hakuna aliyemwambia mtu hupona lini. Muda wa kuomba ulipofika tena hakumuuliza mtu. Aliomba, akafanya mtihani, na safari hii aliandika juu ya mwendesha mashtaka yule mfupi na vifungo vyake, na juu ya mwanamke aliyejificha nyuma ya mgonjwa kwa sababu aliogopa kushindwa. Hilo la pili hakuwa amelijua mpaka alipoliona limeandikwa kwa mwandiko wake.

Wakamchukua.

Masomo yalianza saa kumi na moja jioni, baada ya zamu. Siku ya kwanza aliketi mstari wa mbele kwa sababu ya macho, kati ya vijana walionukia manukato. Alikuwa ameitazamia furaha, akaipa nafasi, akaingojea. Haikuja. Alichokisikia ni njaa, kwani hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Mwalimu akaingia, akauliza kama kuna anayejua tofauti ya kosa na dhambi, na darasa zima likainama. Shika Pumzi hakuwa na uhakika. Akanyoosha mkono.