Mromania wa Hezekia

Ukitaka kumchelewesha Hezekia asiende shambani, mtajie Bradeanu tu. Huyo ni kiungo wa Kiromania, mguu wa kushoto, aliyetundika daluga zamani na sasa ana kitambi cha kutosha kuongoza ushirika. Hezekia alimwona kwenye banda la video akiwa mtoto, na mpaka leo hajapona. Picha yake ameibandika juu ya kitanda. Uwanjani, kabla ya kupiga faulo, hufanya ishara ya msalaba kama bwana wake, na mara nyingi mpira huishia kwenye mtama wa watu. Hata hivyo kijiji kizima cha Kinyangiri kilimwita Mromania, naye akavimba kichwa.

Jina hilo ndilo lililomponza. Mzee Andrea, baba yake Rebeka, msichana aliyempenda Hezekia, ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Marko, mshenga wa Hezekia, alipofika kuposa, mzee alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Kijana nampenda. Lakini nasikia ni Mroma."

"Mromania, mzee."

"Ndiyo. Roma."

Marko alieleza mpaka jasho likamtoka. Mzee akauliza, kama si Mroma, zile ishara za msalaba ni za nini, na yule Mzungu wa juu ya kitanda ni padri gani? Mwishowe akaamua Hezekia aje mwenyewe amkane huyo mtu mbele ya wazee, la sivyo posa irudi.

Hezekia akaja na shati lililonyooshwa, shikamoo kwa kila mtu, hata kwa bibi aliyekuwa amesinzia. Njiani alikuwa amejiandaa kueleza vizuri: Bradeanu alivyoanzia timu ya kijijini kwao, akaenda kucheza Hispania, akaumia goti, akarudi uwanjani, na hadi leo akipita sokoni wauza mboga huacha mizani wakamsalimie. Lakini alipomwona Rebeka amesimama mlangoni na sinia la chai, akaogopa kumkosa.

"Nimemkana," akasema. "Picha nitaichana leo. Simjui tena."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Marko akashusha pumzi. Rebeka ndiye hakusogea.

"Baba, samahani," alisema palepale mlangoni. "Huyu amempenda yule mtu tangu hajaota ndevu. Ameulizwa mara moja tu, amemkana. Mimi ndugu zake wakinisema vibaya, atanikana saa ngapi?"

Hezekia alitamani ardhi immeze. Marko alimkanyaga mguu anyamaze, kwa kuwa mposaji hasemi akiwa na mshenga, lakini Hezekia alikuwa amekwisha simama.

"Mzee, nimesema uongo kwa woga. Mimi ni Mlutheri, ule msalaba ni wa faulo. Lakini Bradeanu ni wangu, picha sichani. Na Rebeka ukininyima leo, kesho utaniona tena hapa."

Mzee Andrea akakohoa. Rebeka akaingia na sinia. Akampita baba yake, akawapita wazee wote, akamtengea Hezekia kikombe cha kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Mzee alikitazama kile kikombe, akamtazama binti yake, akajua posa imekwisha kujibiwa bila yeye.