Pole ya Kikohozi

Ofisi yetu ya bima hapa Homa Bay iko juu ya duka la mabati, karibu na ziwa, na kwa miaka mingi madirisha yake hayakufunguliwa. Ukiyafungua, wadudu wa ziwa wanaingia kama moshi na kujaa kwenye chai. Kwa hiyo tulijifungia humo watu watano, pamoja na mashine ya kuchapisha inayonuka wino wa moto, zulia lenye vumbi la tangu enzi za bosi wa zamani, na omena ya mchana ya mwenzetu Bonface, dagaa wenye harufu kali. Nani asingekohoa? Mimi nilikohoa kuwashinda wote.

Mkisii ni mimi peke yangu. Wenzangu ni Wajaluo, na huongea Kijaluo kutwa nzima. Siwalaumu, hapa ni kwao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, nimelima mpaka leo, na bado ni mgeni. Jioni nikirudi kwenye chumba changu cha kupanga, redio ndiyo hunisalimu.

Lakini kila nilipokohoa, mazungumzo yote yalisimama.

"Pole, Bonareri," Bonface alikuwa akisema.

"Woi, pole sana," Adhiambo naye alikuwa akidakia. "Hii kifua itakumaliza, dada."

Kisha alinimiminia maji ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, na Kiswahili kiliendelea kidogo: dawa za mama yangu, mvua ya Kisii, bei ya ndizi. Baadaye walirudi kwenye lugha yao, nami kwenye faili zangu.

Aliyeomba hewa nzuri ni mimi mwenyewe. Nilimsumbua bosi wetu, Madam Leonida, mpaka akachoka na mimi. Akaleta fundi kutoka Migori mwenye kidude cha kupima hewa. Fundi alitikisa kichwa, akasema humu hewa imelala. Madirisha yakafunguliwa na kuwekwa wavu wa kuzuia wadudu, zulia likatupwa, mashine ikapelekwa kwenye ukumbi, na feni ya kuvuta hewa chafu ikafungwa ukutani, juu ya meza yangu.

Kabla msimu wa mvua haujaisha nilikuwa nimepona kabisa. Nilimshukuru Mungu kanisani siku ya Sabato, na nilimaanisha.

Chupa ya tangawizi ikaacha kuja ofisini. Aliyepona dawa ya nini? Wiki ikapita, nikagundua kwamba Kiswahili pekee nilichoambiwa ni kufunga mlango. Nilikuwa mpweke, tena mwenye kifua kizima.

Jana nilingoja wacheke jambo lao, kisha nikakohoa. Kilikuwa kikohozi cha uongo, lakini nilikitoa kwa nguvu.

Wakanyamaza. Adhiambo akainua macho, nami nikawa tayari kuitikia pole yake. Macho yake yakapita juu ya kichwa changu. Akamwambia Bonface kitu kwa Kijaluo, na neno nililolielewa lilikuwa moja tu, feni.

Bonface akaja mezani kwangu, akapanda juu ya kiti, akaweka kiganja karibu na feni na kusikilizia upepo.

"Iko sawa, Bonareri," akaniambia kwa Kiswahili. "Inafanya kazi poa."

Nikamwambia asante. Akashuka, akarudisha kiti mahali pake, na Kijaluo kikaendelea.