Pindo la Kukulia

Bi Natukunda aliligeuza gauni la sare ndani nje, akalilaza mezani, akaanza kulifumua pindo kwa ncha ya mkasi. Uzi ulikatika kidogo kidogo. Pindo lilipofunguka, kitambaa kikateremka kutoka ukingoni mwa meza, kikaendelea kuteremka, hata wakataji wawili waliokuwa upande wa pili wakaacha kazi yao wakatazama.

"Nyabo," alisema, maana yake bibi, "hii kitambaa yote inaenda wapi?"

Mariette, aliyekuja kuomba kazi ya kukata, alikuwa amesimama mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Ni pindo la kukulia, mama."

"La nini?"

"La kukulia. Mutoto anakomala, mama yake anateremusha pindo. Mwaka mwingine anateremusha tena."

"Watoto yenu wanakuwa mpaka wapi? Mpaka mbinguni?"

Wakataji walicheka. Bi Natukunda naye alicheka, bila ubaya, huku akikunja kile kitambaa cha ziada kiganjani kama mtu anayepima unga. Yeye ndiye mwenye kiwanda. Kiswahili chake alikitoa kwa baba yake, askari wa zamani, na alikisema kama anavyotoa amri, neno baada ya neno. Alieleza kwamba shule za mjini Mbarara, Uganda, anazozishonea hununua sare mpya kila mwaka. Pindo likizidi vidole viwili, faida yake inabaki imefungwa ndani ya magauni ya watoto wa watu.

"Wewe nakata vizuri," alisema mwishoni. "Lakini nakata kama naenda kushona hema. Rudi nyumbani. Tutapiga simu."

Huo ulikuwa usaili wa pili. Katika ule wa kwanza Mariette hakushika mkasi. Alikaa ofisini mbele ya Bwana Tumwine, mhasibu, aliyemuuliza amefanya kazi wapi na analipwa kiasi gani. Mariette alijibu kweli tupu. Anafundisha ushonaji kwenye kituo cha mafunzo pale Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, na kila mwezi shirika linampa motisha, pesa kidogo ya kumtia moyo. Bwana Tumwine aliandika kiasi cha motisha hiyo kwenye kompyuta yake, na Mariette hakufikiria tena habari hiyo.

Kosa la pindo ndilo lililomkereketa njia nzima ya kurudi. Karatasi ya kipimo aliyopewa ilikuwa na mstari wa pindo, mwembamba, umechorwa vizuri. Aliuona. Lakini alidhani aliyeuchora alisahau, akamsaidia kwa kuongeza. Kule kwao kambini, katika mtaa wa New Congo, fundi anayeshona gauni la shule bila pindo la kukulia hurudishiwa kesho yake na mama mwenye hasira. Gauni la darasa la kwanza hufika darasa la nne, kisha huanza upya kwa mdogo wake. Ukitembea Base Camp, mtaa mwingine wa kambi, asubuhi watoto wakielekea shule, unaweza kusoma miaka kwenye magauni yao: mstari mmoja uliofifia, chini yake mwingine, chini yake mwingine.

Simu haikupigwa. Mvua zilianza, maharagwe yakatoa maua, simu bado haikupigwa. Mariette alikusanya karatasi za mifuko ya saruji, akazipasua, akawa anakata magauni ya karatasi kila jioni baada ya kazi, mlangoni pake kwenye mwanga. Mkono ulikuwa mkaidi. Chaki ilipofika chini, ilitaka kwenda mbali zaidi, kama ng'ombe anayeijua njia ya kisimani. Alikuwa akiirudisha. Ilimuuma kidogo, kila mara, kuukata mstari ule karibu hivyo. Alijiona kama anamnyima mtoto asiyemjua.

Doriane, jirani yake Mrundi ambaye walichangia naye cherehani moja, alikuwa akimtazama.

"Wewe sasa kazi yako ni intavyu," alimwambia. "Mshahara wa hiyo kazi ni ngapi?"

"Ni nauli tu, na mimi ndiye nalipa."

"Basi niombee nafasi kwa bosi wako."

Alipoitwa tena alikata vizuri, vidole viwili kamili. Bi Natukunda alipitisha rula, akasema "kale," yaani sawa, akamrudisha nyumbani. Kisha akasafiri kwenda Kampala kununua vitambaa. Kisha aliporudi alisema anataka kumwona kwenye meza kubwa, wiki nzima, pamoja na wakataji wenyewe. Mariette aliomba ruhusa kituoni, akamwachia Doriane binti yake Munezero, akalala kwa mwanamke wa kanisani kwao aliyepanga chumba Kakoba, mtaa wa Mbarara.

Wiki ile aliipenda kuliko alivyotaka kukubali. Asubuhi walikuwa wakitandaza kitambaa meza nzima, tabaka juu ya tabaka, bluu juu ya bluu, wakikilainisha kwa viganja hadi kikalala kama maji. Mashine ya kukatia ilikuwa inaimba. Mariette alijifunza kuishika kwa siku moja, na siku ya pili alikuwa akiizungusha kwenye kona ya kwapa bila kusimama. Vipande vilivyokatwa vilifungwa vifurushi, na kila mkataji alikitia kifurushi chake alama kwa chaki, ili kikipatikana na kasoro kule kwa washonaji kirudi kwa aliyekikata. Wasaidizi walikuwa wakibeba na kufunga tu. Hawakuwa na alama. Bi Natukunda alimwambia Mariette achague yake. Alichora samaki mdogo, kwa sababu ya Uvira, mji wa kwao Kongo, kwa sababu ya ziwa la utoto wake.

Hakuna samaki aliyerudi mezani wiki ile yote.

Na bado akaambiwa, "Tutapiga simu."

Ilipopigwa ilikuwa Jumapili, ametoka kanisani. Kesho aje ofisini, wazungumze habari ya malipo. Mariette hakwenda nyumbani. Alipitia sokoni kwa Anselme, mdogo wa marehemu baba yake, aliyekuwa akiuza ndagala, yaani dagaa, na kuwasemea watu kwenye shughuli zao. Harusi gani ya Wakongo wa Nakivale ingekamilika bila Anselme? Familia zilimchukua awe msemaji siku ya kutaja mahari, na alijivunia kwamba hakuwahi kurudi nyumbani na aibu.

"Baba mudogo," Mariette alisema, "kesho banataka kuniambia bei."

Anselme aliacha kupepea nzi. "Bei ya nini?"

"Yangu."

"Ah. Hiyo ni kazi yangu, na haukuniita?" Aliwaza, akachagua ndagala mmoja, akamtafuna. "Sikia. Bakitaja bei, usijibu pale pale fasi ulikaa. Hata kama ni nzuri. Unasimama, unasema: munipatie nafasi niende inje, nishauriane na batu bangu."

"Nitakuwa miye moja tu."

"Haizuru kitu. Mutu anatoka na mutu anarudia, si mutu moja. Ku mahari ya binti ya Aloys nilitoka inje mara mingi mpaka benye kuoa bakafikiri tumbo yangu iko naharisha." Akacheka hadi akakohoa. Kisha akawa na uso wa kazi. "Lakini usitoke kama hauna cha kurudia nacho. Inje si fasi ya kujificha. Ni fasi ya kuangalia."

Ofisi ya kiwanda ilikuwa na dirisha moja lililotazama ukumbi wa cherehani. Bi Natukunda alikaa kando, amevua viatu chini ya meza. Bwana Tumwine ndiye aliyesema, na alisema kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi.

"Kazi umepata, nyabo. Hongera. Utaanza kama msaidizi wa mkataji. Laki mbili na nusu kwa mwezi. Niliangalia ile unapata Nakivale, hii ni zaidi ya mara mbili."

Neno "asante" lilikuwa tayari mdomoni mwa Mariette. Lilifika lenyewe, kama linavyofika kwa kila mtu wa kambini, ambaye kwa miaka amepokea sabuni akasema asante, hema akasema asante, motisha iliyopungua akasema asante. Laki mbili na nusu ingelipa chumba Kakoba na chakula chake mwenyewe, na Munezero angebaki Nakivale kwa watu. Au angekuja, wakae wote na njaa. Neno likangoja. Mariette akasimama.

"Naomba nitoke nje kidogo. Nishauriane na watu wangu."

Bwana Tumwine alitazama mlango. "Watu gani? Umekuja na watu?"

Lakini Bi Natukunda alikuwa ameinua kichwa, na uso wake ulikuwa umeanza kufunguka. "Mwache aende," alisema. "Mwache. Wewe hujui hii kitu? Hata sisi tukienda kutaja ng'ombe za msichana, tunatoka nje." Akatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu, akavaa, akakaa wima kama mzazi wa bwana harusi.

Nje, jua lilikuwa kali kwenye tangi la maji. Askari wa getini alimsogelea.

"Umemaliza?"

"Bado. Niko nashauriana."

Askari aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Kale," alisema kwa heshima, akarudi getini kwake.

Mariette alisimama. Hakuwa na mtu, na alijua. Alimfikiria Anselme na ndagala zake, akamfikiria mama yake aliyemfundisha kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kabla hajajua kusoma. Kisha akafanya alivyoambiwa, akaangalia. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Safu za washonaji zilikuwa zimeinama juu ya kitambaa cha bluu, na kwenye sakafu kando ya cherehani ya kwanza palikuwa na vifurushi vilivyobaki vya wiki ile, vikingoja zamu. Juu ya kila kimoja palikuwa na alama ya chaki. Aliwaona samaki wake. Walikuwa wengi.

Aliporudi hakukaa mara moja.

"Watu wako wanasema nini?" aliuliza Bi Natukunda.

"Wanasema mimi si msaidizi, mama. Msaidizi hana alama. Mimi nimeweka alama yangu wiki nzima, na hakuna kifurushi kilirudi. Wanasema laki nne na nusu, kama wakataji wengine." Wenzake wa meza walimtajia kiasi hicho wenyewe, siku moja wakila posho, ugali wa mchana, bila kuulizwa.

Bwana Tumwine aligeuza kompyuta ili wote waone. "Lakini wewe mwenyewe ulisema kule unapata—"

"Ile si mshahara, baba. Ile ni motisha. Wananipa kwa sababu niko mkimbizi." Akaonyesha dirisha la ukumbi wa cherehani. "Hapa sikuja kuwa mkimbizi. Nilikuja kukata."

Bwana Tumwine akairudisha kompyuta ilivyokuwa. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana kama mtu aliyejumlisha vizuri kisha akaambiwa alikuwa anahesabu kitu kingine.

"Hata kwetu," alisema Bi Natukunda, "wakitaja ng'ombe kumi na mbili, sisi hatutoi kumi na mbili siku hiyo. Kuna kupunguza. Laki tatu na nusu. Unaandikwa mkataji, na samaki yako nabaki. Hizo zingine, mbele tutaona."

Mariette alikaa, akashika ukingo wa kiti. Laki tatu na nusu ilikuwa nyingi. Munezero angeweza kuja. Aliisikia furaha ikipanda, na chini ya furaha akalisikia lile neno la mwisho: mbele tutaona. Akaanza kusimama tena.

"Kaa, kaa," Bi Natukunda alisema. "Unatoka tena? Askari yangu atafikiri ofisi inaungua."

Akakaa. "Mama, uliniambia nimeacha kitambaa kingi, na ulisema kweli. Nilijifunza. Lakini pindo linaachwa siku ya kukata. Nguo ikishakatwa fupi, hakuna fundi wa kuirefusha. Hiyo laki ya mbele tuiandike leo. Hata kama imekunjwa ndani, iwepo."

Vidole vya Bi Natukunda, bila yeye kujua, vilikuwa vikikunja ukingo wa karatasi iliyokuwa mezani, vikiulainisha, vikiukunja tena.

"Itateremshwa lini?" aliuliza.

"Shule zikifungua mwaka mpya. Kama hakuna samaki amerudi."

"Na kama wamerudi?"

"Basi tutakaa tena. Nitaleta watu wangu."

Bi Natukunda alicheka hadi akajishika kifua. "Tumwine," alisema, "andika."

Jioni ya kuamkia safari, Mariette alitoa kitambaa cha kaki alichokuwa amekiweka chini ya sanduku. Kiwandani kila mkataji huvaa koti lake la kazi, na yeye hakutaka la kuazima. Alikitandaza juu ya meza yao, mlangoni, mahali pa mwanga. Munezero alishika upande mmoja ukae sawa. Doriane alikuwa akimenya ndizi, kisu kikienda chenyewe, macho yakiwa kwenye chaki.

Mariette alijipima bega, akajipima mkono, akachora. Alifika chini. Akaweka vidole viwili kutoka kwenye mstari, kama alivyojifunza, akatia alama.

Kisha akabaki ameinama. Akasogeza rula chini, akachora mstari mwingine, mbali zaidi, karibu na ukingo wa kitambaa.

"Mariette," alisema Doriane, "mtu mzima naye anakua?"

Mariette aliuchukua mkasi, akaanza kukata kwenye mstari wa chini, polepole, huku Munezero akirudi nyuma hatua moja moja ili kitambaa kisikunjamane.