Nusu ya Nóra

Kanisa lilikuwa tupu. Kamera iliyofungwa juu ya altare ililionyesha kama ambavyo angeliona ndege aliyeingia kwa bahati mbaya akakosa pa kutokea: safu za mabenchi, zulia jekundu lililofifia, na mbele ya altare vigoda viwili vya mbao vilivyongoja jeneza. Labhrás Ó Gaora alikuwa akiitazama picha hiyo tangu saa ya chakula cha mchana, chakula ambacho hakukigusa. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya jikoni, imeinuliwa kwa nakala za riwaya zake mwenyewe, kwa kuwa nyumbani mle hapakuwa na vitabu vingine vilivyobaki vingi kiasi hicho.

Kanisa lilikuwa la kwao, pwani ya magharibi ya Ayalandi. Yeye alikuwa Ganshoren, pembe tulivu ya Brussels, akiwa na nyonga mpya aliyowekewa hospitalini Jette, mtaa wa jirani, na daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege. Jeneza lililongojwa lilikuwa la Nóra, dada yake.

Labhrás alikuja Brussels akiwa kijana, kuliandikia gazeti la lugha yake, Kiayalandi, lugha ambayo wengi waliisikia mara ya kwanza kinywani mwake. Ujana wake na utu uzima wake ulikwisha katika kumbi za Umoja wa Ulaya, akiwaeleza wasomaji wachache habari za samaki, maziwa na mipaka. Alingoja muda mrefu lugha yake iruhusiwe ukumbini. Siku iliporuhusiwa, alisimama akauliza swali lake kwa Kiayalandi. Wenzake wakavaa vipokea sauti vya tafsiri masikioni. Msemaji akatabasamu, akamjibu kwa Kifaransa. Labhrás aliandika jibu, akashukuru, akaketi. Jioni ile alirudi nyumbani kwa miguu mvuani, maana hakutaka kukaa karibu na mtu yeyote ndani ya tramu.

Aliyemjibu kwa lugha yake alikuwa Nóra peke yake. Kila Alhamisi, kabla ya kutuma makala, Labhrás alimpigia simu na kumsomea kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Nóra hakuwa mtu wa kusifu. Sentensi ikiwa sawa, alinyamaza. Ikiwa na uongo ndani yake, au majivuno, alikohoa. Labhrás aliifuta bila kubishana. Riwaya zake zote zilipita katika sikio lile, na kikohozi kile kilimwokoa na aibu nyingi ambazo wasomaji hawakuzijua kamwe.

Sasa mhariri alikuwa amemwomba makala ya kumuaga Nóra. Asubuhi ile Labhrás aliandika sentensi moja, akaisoma kwa sauti, akangoja. Jikoni palikuwa kimya. Lakini ukimya huu haukuwa ule wa Nóra, haukumsikiliza. Akamjibu mhariri kwamba hataandika hiyo, wala nyingine yoyote tena.

Ufunguo ulizunguka mlangoni.

"Papa Laurent! Muko?"

Alikuwa Kahambu, mwanamke wa Butembo, mashariki mwa Kongo, aliyekuja asubuhi na alasiri kumsaidia kuvaa soksi za kubana na kumpigia nguo pasi. Jina la Labhrás lilimshinda siku ya kwanza, na alipoelezwa kwamba kwa Kifaransa ni Laurent, alisema, "Bon, kumbe tulikuwa tunasumbukia bure."

"Nipo, mama. Karibu," alijibu Labhrás. Kiswahili chake alikipata katika darasa la jioni, kwa mwalimu Mtanzania, baada ya kumzoea Kahambu na kuona haya kwamba hajui hata kumwamkia. Nóra alimcheka sana kwenye simu: lugha moja hujapata wa kusema naye, unaongeza ya pili?

"Hamukukula. Sahani iko vile niliiacha," alisema Kahambu akichomeka pasi ukutani, kisha akaanza kuvua koti. "Na hii ni filme gani, haina watu?"

"Dada yangu amefariki. Jeneza litaletwa kanisani hivi punde."

Kahambu alisimama, mkono mmoja bado umo ndani ya koti. "Alikufa lini?"

"Juzi."

"Juzi! Jana nilikuya hapa, nikawauliza habari, mukanijibu 'njema, mama.' Njema gani, Papa?"

"Ndivyo tulivyofundishwa kujibu."

"Eh, Yesu. Hiyo Kiswahili yenu ya masomo itawaua siku moja." Alivuta kiti, akaketi. "Alors, ni nani wengine wanakuya? Ba voisins, majirani? Watu wa kazi?"

"Hakuna."

"Donc hii ndiyo matanga? Muntu moja na ordinateur?" Alitikisa kichwa. "Kwetu hatuachake mufiwa peke yake. Ata ule mulikosana naye anakuyaka. Anaikala mu kona, anakula, anaenda. Lakini anakuya."

Labhrás aligeukia dirisha. Mvua ilikuwa imeanza, na kuba la kijani la basilika upande wa pili wa bustani lilikuwa likififia dirishani. Alifikiri juu ya watu aliokosana nao. Hata hao, hakuwa nao mjini humu.

Kwenye kioo mlango wa kanisa ulifunguka. Wanaume sita waliingia na jeneza mabegani, nyuma yao watoto wa Nóra, majirani, nguo za mvua. Midomo ilitembea, lakini hakuna kilichosikika; sauti ya kamera ilikuwa imekatika. Kahambu aliinama mbele ya kompyuta, akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara: "Poleni sana! Poleni, familia!"

"Hawatusikii, mama."

"Na siye?"

"Sisi pia hatuwasikii."

"Basi nani amekufa, ni siye ao ni wao?"

Labhrás alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikavunjika katikati, na alijikuta amefunika uso kwa viganja viwili. Kahambu alimwacha alie. Hakumgusa, hakumnyamazisha. Alienda tu kuichomoa pasi ukutani, akarudi kitini pake.

"Wanasali rozari," Labhrás alisema baadaye, akiitazama ile midomo. "Baba alipofariki, mimi ndiye niliyetangulia nyumbani, nikisali nusu ya kwanza, na Nóra akaitikia ya pili. Ikawa hivyo siku zote. Hapa sijaisali."

"Tangu mulifika Ubelgiji?"

"Nusu ya pili haikuwa yangu."

Kahambu alimtazama. "Papa, hiyo ni huzuni ao ni kiburi?"

Kahambu hakungoja jibu. Alikwisha kutoa rozari mfukoni, shanga za plastiki za buluu zilizochakaa kwa vidole. "Anzeni. Kwa luga yenu."

"Sé do bheatha, a Mhuire," alianza Labhrás, Salamu Maria ya kwao, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Alifika katikati, mahali ambapo Nóra alivuta pumzi. Akanyamaza, kama alivyozoea kunyamaza.

"Maria Mutakatifu, Mama wa Mungu," alidakia Kahambu, "utuombee siye wakosefu." Alisali haraka, bila madoido, kama mtu mwenye majina mengi ya kumpelekea Mungu. Labhrás akaendelea. Alitoa, akapokelewa, akatoa tena, akapokelewa. Fungu la kwanza likaisha kabla hajaogopa.

"Sasa mimi natangulia," alisema Kahambu. "Na mimi niko na wafu wangu."

Alisema nusu yake, akatulia. Ukimya ukamgeukia Labhrás. Nusu iliyobaki aliifahamu kama mtu anavyofahamu sauti ya nyayo za chumba cha pili, lakini haikuwahi kuwa kinywani mwake. Alifungua mdomo. Maneno yalikuja kwa Kiayalandi, yakapanda kidogo mwishoni, kwenye maneno ya saa ya kufa kwetu, kama yalivyopanda kila jioni upande wa pili wa jiko la kwao. Hakuwa amejua kwamba sauti yake inaweza kupanda hivyo. Kwenye kioo watu walianza kutawanyika, na jeneza likabaki na mishumaa yake; wao wawili waliendelea.

Alhamisi iliyofuata, Kahambu alikuwa akipiga pasi mashati, na Labhrás alikuwa mezani na karatasi mbele yake. Mhariri alikuwa ameambiwa angoje.

"Mama, naomba unisikilize nikisoma. Hutaelewa."

"Napigaka pasi na mikono, Papa, si na masikio. Musome."

Akasoma. Alisoma polepole, kwa lugha ambayo mwanamke yule hakuwa na neno lake hata moja, na pasi ilikwenda na kurudi. Nóra akikamua ng'ombe gizani. Nóra kwenye simu. Kahambu alinyamaza, na Labhrás akaona mabega yake mwenyewe yanashuka. Akafika kwenye sentensi aliyoipenda kuliko zote, ile isemayo: sasa, chini ya mbingu, hakuna aliyebaki wa kuniitikia.

Kahambu alikohoa.

Labhrás aliinua kichwa. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Papa. Ni mvuke wa pasi. Muendelee."

Alibaki ameikodolea macho ile sentensi. Kisha akachukua kalamu, akaifuta, akaendelea kusoma.