Mgeni wa Bomba la Uji

Fundi vipimo wa kiwanda cha karatasi alikuwa na likizo kuanzia kesho, na hakuna ambaye angemnyang'anya bila vita. Binti yake amejifungua, mjukuu wa kwanza huyo! Ila likizo ilikuwa na sharti: kipimo kipya kifanye kazi leo. Kikigoma, bomba kuu litakatwa ili kiingizwe kipimo cha ndani, naye atabaki kusimamia.

Kipimo hiki kipya hakikati kitu. Hufungwa nje ya bomba, kikapiga sauti ambayo sikio halisikii. Sauti hugonga vilivyomo kwenye mkondo na kurudi imebadilika, kama honi ya gari inavyobadilika likikupita, na hapo kinajua kasi ya ule uji mzito wa karatasi.

Kwa heshima ya mgeni huyo, fundi aliamuru bomba lioshwe. Shemeji yake, mwendesha pampu, alilisuuza mpaka maji yakatoka safi kama ya kunywa.

Meneja akaja. Pampu ikanguruma, ikisukuma maji yale yale safi. Kioo cha kipimo kikaonyesha sifuri.

"Labda kimelala," shemeji alisema.

"Nyamaza wewe!" Fundi alikaza mikanda, akajaribu tena. Sifuri.

Meneja alishusha pumzi. "Basi, kesho tunakata. Pole, mama."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga fundi alipomsikia shemeji akijitapa, "Lakini kuosha nimeosha, bosi! Humo hamna hata chembe."

Hata chembe? Sasa sauti igonge nini ndipo irudi? Fundi aliangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, turudishie uchafu wetu!"

"Nimesugua tangu asubuhi, leo hii unaniambia..."

"Fungulia uji, nitakupikia mwezi mzima!"

Uji ulishuka, bomba likabadili mlio. Namba ikaruka, ikayumba, ikatulia. Meneja aliilinganisha na kasi ya kujaa kwa tangi la uji, zikaelewana.

"Nani aliyeagiza bomba lioshwe?" aliuliza.

"Mimi," fundi alijibu huku akivua glavu.

"Nenda zako kabla sijabadili mawazo."

Nje ya lango alimpigia binti yake. Kabla hajasema neno, kilio kilipasua simu, kilio kikali cha mtoto mwenye njaa na asiyetaka mchezo. Fundi alisimama barabarani akicheka peke yake.

"Mwambie anyamaze," alisema. "Bibi yake anakuja."